Ng'ombe Mmoja Katika Theluji

Ndugu wasomaji, naandika kutoka Fort Worth, Texas. Kila mara katika kurasa hizi mwenzetu mmoja huandika juu ya kitu alichokikuta ughaibuni kikamrudisha nyumbani. Wengi huandika juu ya chakula, nami sina ubaya na chakula. Lakini leo naomba niandike juu ya picha za kuchora: picha za wanyama na za maisha ya wachunga ng'ombe wa Marekani, wale tuliowajua utotoni kwa jina la makauboi. Nataka kueleza zilitoka wapi, na moja kati yao ilinifanya nini.

Mimi ni mtoto wa mfugaji, kwetu ni Longido. Nilipofika hapa mwaka 2004, binamu yangu alinipeleka Stockyards, soko la zamani la mifugo. Siku hizi ni mahali pa watalii, na mara mbili kwa siku ng'ombe wenye pembe ndefu huswagwa barabarani ili wageni wapige picha. Wageni wote walikuwa wakitazama pembe. Mimi nilijikuta natazama kwato, na nikaona mmoja anachechemea mguu wa nyuma. Nikamwambia binamu. Akacheka, akasema, "Ndugu yangu, umevuka bahari lakini zizi umekuja nalo."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ile ile mnayoijua, ya kubeba boksi ghalani, zamu ya usiku. Mchana nilitakiwa kulala, lakini chumba chetu kilikuwa na joto la kukaanga mayai. Mwenzangu mmoja wa kazini akanielekeza kwenye makumbusho ya Amon Carter, yaliyofunguliwa mwaka 1961 kutokana na picha alizokusanya tajiri mmoja wa magazeti wa mji huu. Kuingia ni bure, na ndani kuna baridi safi. Sitawadanganya: nilikwenda kwa ajili ya baridi. Nilipopoa ndipo nikaanza kutazama kutani.

Sisi tumezoea kwamba picha ya mnyama ni pambo. Tembo na twiga wa tingatinga tumewaona tangu utoto, tukadhani wamechorwa kwa ajili ya Wazungu tu. Tunasahau kwamba marehemu Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja kutafuta riziki Tanga na Dar es Salaam, na alipoanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, alichora wanyama akiwa mjini, mbali na alikozaliwa. Nami sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka nilipokuwa mbali mwenyewe.

Katika makumbusho yale wachoraji wawili ndio wenye nyumba. Wa kwanza ni Frederic Remington, aliyezaliwa mwaka 1861 katika jimbo la New York. Ipo picha yake kubwa ya mwaka 1889, wapanda farasi wanakimbia kuokoa maisha yao, na farasi karibu wote wako hewani. Wachoraji wa zamani walikuwa wakichora farasi akikimbia kama sungura anayeruka, miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo huko California, akaonyesha jinsi miguu inavyokwenda hasa, na wachoraji kama Remington wakajifunza. Yeye alisafiri magharibi mara nyingi, akarudi kwake New York na matandiko ya farasi, bunduki na mavazi, akachorea huko. Ni fundi kweli kweli. Nilimheshimu, lakini hakunigusa.

Wa pili ni Charles Russell. Huyu alizaliwa mwaka 1864 katika familia yenye uwezo huko St. Louis, lakini shule ilimshinda. Mwaka 1880, akiwa bado hajatimiza miaka 16, alikwenda Montana. Akaishi na mwindaji mmoja kwa muda wa miaka miwili, akimtazama anavyochuna wanyama, na hivyo akajifunza mifupa na misuli yao. Kisha akaajiriwa kuchunga ng'ombe na farasi usiku. Kwa nini usiku? Kazi hiyo haikuwa na sifa yoyote, lakini ilimwachia mchana wa kuchora. Mfukoni alikuwa na donge la nta, na hata akiwa anaongea na watu vidole vyake vilikuwa vikifinyanga farasi au dubu. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu mle ndani. Mtu wa zamu ya usiku mwenzangu!

Alifika huko wakati mambo yanakwisha. Nyati wa Marekani, wale wenye nundu na manyoya mazito, walikuwa mamilioni kwa mamilioni katika mbuga zile. Wawindaji wa ngozi waliwamaliza, na mwishoni mwa miaka ya 1880 porini walibaki mia chache tu. Wenyeji Wahindi Wekundu waliowategemea walisukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Nyaya za miiba zikafunga malisho, reli ikafika. Ndiyo maana Russell karibu na jina lake aliweka fuvu la nyati kama sahihi yake. Baadaye, akiwa mtu mzima katika mji wa Great Falls, alijengewa banda la magogo mwaka 1903, akachorea humo mpaka karibu na kifo chake mwaka 1926. Wengi wa aliowachora humo, nyati kwa makundi na wachungaji wasiojua uzio, hawakuwepo tena nje ya dirisha lake.

Sasa nije kwenye picha yenyewe. Kiangazi cha mwaka 1886 Montana ilikauka, na malisho yalikuwa yamelishwa kupita kiasi. Kisha ikaja baridi ya 1886 na 1887. Theluji ikaanguka, ikayeyuka kidogo, ikaganda juu kuwa barafu. Nyati hufukua theluji kwa kichwa chake akapata nyasi, lakini ng'ombe hana ujuzi huo. Wakafa maelfu kwa maelfu. Russell alikuwa kwenye ranchi moja pamoja na msimamizi wake. Mwenye mali alikaa Helena, mjini, mbali. Akaandika barua kuuliza: ng'ombe wangu wana hali gani?

Inasimuliwa kwamba msimamizi alikaa kuandika jibu, naye Russell akachukua kipande kidogo cha karatasi ngumu, akachora kwa rangi za maji ng'ombe mmoja amesimama katika theluji, mbavu nje, chapa ya mwenyewe kwenye paja, na mbwa mwitu wa huko wamemzunguka wakingoja. Msimamizi alipoiona akasema barua haina haja tena. Ikatumwa picha. Mwenye mali aliwaonyesha watu mjini, na huo ukawa mwanzo wa jina la Russell.

Picha hiyo niliiona katika kitabu, kwenye duka la makumbusho, mwezi Januari 2010. Nikakaa chini sakafuni pale pale.

Maana mwaka 2009, wenzangu wa kaskazini mnakumbuka, kwetu kulikuwa na ukame mkali. Mimi nilikuwa nimetuma fedha miaka mitano kwa ajili ya mitamba, na kila Jumapili nilipiga simu nyumbani kwa kadi ya dola tano. Nilimwuliza baba, "Ng'ombe wana hali gani?" Akajibu, "Wapo." Jumapili nyingine, "Wapo." Basi nami nikaendelea kuwahadithia wenzangu kazini juu ya kundi langu la Afrika. Sikuwahi kuuliza wapo wangapi. Mimi nilikuwa yule bwana wa Helena, na baba yangu, mwenye ng'ombe wa haki, nilikuwa nimemgeuza msimamizi wangu.

Siku ile nilimpigia mdogo wangu, nikambana. Akanyamaza, halafu akasema, "Kaka, walikuwa sitini na nne. Wamebaki watano. Mzee alikataza usiambiwe, alisema huko uliko una baridi yako."

Nilikwenda nyumbani mwaka 2012, nikampelekea baba nakala ya picha ile. Aliishika mbali na macho, kama wazee wanavyofanya. Akasema, "Aliyechora amechunga."

"Umejuaje, baba?"

"Tazama mgongo ulivyokunjika. Na hawa mbwa hawamrukii. Wanajua hakuna haja ya haraka."

Nikamsimulia habari yote, barua, bwana mwenye mali, na jinsi kijana yule alivyopata sifa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyu ng'ombe, je?"

Sikuwa na la kumjibu. Picha ilimpa mchoraji jina, ilimpa mwenye mali habari, na nilivyosoma hakuna mahali palipotajwa kwamba mtu alipanda farasi kwenda na nyasi. Ukiniuliza leo picha hizi zilitoka wapi, sitasema zilitoka katika uzuri wa farasi na machweo tu. Hii moja ilitoka katika swali la mtu aliye mbali, ambalo aliye karibu hakuweza kulijibu kwa maneno.

Mwaka 2022 ukame ulirudi Longido. Safari hii simu zilikuwa za kisasa. Asubuhi moja nikitoka kazini nilikuta mdogo wangu ametuma picha, ng'ombe mmoja amesimama kwenye vumbi karibu na zizi, mgongo umekunjika. Hakuandika neno hata moja. Nami sikumjibu kwa maandishi. Nilituma fedha za majani makavu siku ile ile, na wiki iliyofuata nikakata tiketi.

Ng'ombe yule sikumkuta. Lakini baba alinipokea mlangoni pa boma, amezeeka, fimbo mkononi. Hakuuliza nimeleta nini kutoka Marekani. Alisema, "Njoo uwahesabu."

Tukawahesabu pamoja. Walikuwa kumi na mmoja.

Wasalaam, nanyi wasalimieni wa nyumbani.

Mwenzenu,
Fort Worth, Texas