Diski Niliyoilipia Ikakataa

Mwaka 2013 wifi yangu aliniletea kutoka Uingereza diski ya DVD yenye mafunzo ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa. Fedha ni zangu, na risiti ninayo. Nikawaalika akina mama wa kanisa letu hapa Singida. Walikuja kumi na wanne, wengine na watoto mgongoni.

Nikaitia diski kwenye kompyuta ya kanisa. Ikagoma, ikaandika kwamba diski ni ya kanda nyingine!

Mama mwenzangu, wenye filamu waliigawa dunia kwa kanda. Uingereza ni kanda ya 2, Tanzania ya 5, na kufuli limo ndani ya kompyuta yenyewe. Unaruhusiwa kubadili kanda mara 5 tu, kisha inabaki ilipo. Yetu ilikuwa imebakiza mara moja. Ningebadili, diski zetu za kanda ya 5 zingekataa moja kwa moja.

Kijana anayeitunza akaninong'oneza, "Mama, nikutolee kopi? Kopi haina kufuli."

Hapo iliniuma. Mwizi anatazama raha mustarehe, mimi niliyelipa nazuiwa! Lakini kaseti za kwaya yetu nazo zilinakiliwa zikauzwa stendi, nasi hatukupata hata senti. Nililia siku ile. Ningemwambiaje kijana, "Haya, toa"?

Nikamwambia aizime. Nikaazima mwanasesere wa mtoto mmoja, nikamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, nikaanza kuwaonyesha jinsi ya kumpiga mgongoni mara 5.

Diski ingali kabatini.