Benzi kuukuu na safari ya Jumapili hadi Naivasha

Mzee wetu aliendesha Benzi kwa miaka 27, na katika miaka hiyo yote hakukaa kiti cha nyuma hata siku moja. Alikuwa dereva wa serikali. Aliajiriwa mwaka wa 1972, akastaafu mwaka wa 1999. Kazi yake ilikuwa kuwabeba wakubwa, kuwafungulia mlango, kuufunga tena na kunyamaza.

Msomaji mpenzi, ikiwa umekula chumvi kidogo, bila shaka unalikumbuka neno Wabenzi. Hao walikuwa watu wenye vyeo na matumbo, waliopita kwenye magari meusi huku sisi wengine tukipisha vumbi. Gari hilo lilikuwa dalili ya ukubwa. Kwa baba yetu, hata hivyo, lilikuwa jambo jingine kabisa. Yeye ni mzaliwa wa 1948, na alipokuwa kijana mdogo Benzi ndizo zilizokuwa zikishinda Safari Rally. Zilishinda mfululizo mwaka wa 1959, 1960 na 1961. Kwake Benzi lilikuwa gari linalofika. Wenye kukaa nyuma walikuja na kuondoka.

Ndipo sisi watoto wake watatu, kaka yangu mkubwa, mimi na dada yetu mdogo, tukaamua kumnunulia Benzi la zamani la kutembelea siku za Jumapili. Tuliweka akiba kwa miaka miwili, tukafikisha shilingi 650,000. Nia yetu ilikuwa moja: mzee naye akae nyuma, aendeshwe.

Wengi huuliza kwa nini tusiagize gari hilo ng'ambo. Jibu ni kwamba hapa Kenya gari la mitumba lililozidi miaka 8 kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hivyo anayetaka gari la enzi hizo hana budi kulitafuta papa hapa, miongoni mwa yale yaliyokwisha kuishi nasi. Na gari lililoishi miaka 40 lina mengi ya kuficha.

KUNG'AA SI UZIMA

Kaka ndiye aliyeanza kutafuta. Alipata 280E ya rangi ya fedha katika yadi moja jijini Nairobi, bei shilingi 650,000 kamili. Aina hiyo, ambayo wataalamu huiita W123, ilitengenezwa kuanzia miaka ya katikati ya 1970 hadi 1986, na jumla yake ilikaribia magari milioni 2.7. Mwaka wa 1977 gari la aina hiyo hiyo, 280E, lilishinda mbio ndefu za kutoka London hadi Sydney. Kaka alikuwa amesoma hayo yote, na hapana ubishi kwamba gari lenyewe lilimeremeta kama sahani.

Tulimpeleka mzee saa mbili asubuhi. Kabla hata ya kuwasalimu wenye yadi, aliweka kiganja juu ya boneti.

"Lina joto," akasema. "Gari hili limeamshwa kabla yetu. Aliyeliamsha hakutaka tusikie jinsi linavyoamka."

Kisha akatoa mfukoni sumaku ndogo, akawa anaigusisha kwenye bodi. Milangoni ilinasa. Chini ya milango, na juu ya magurudumu ya mbele, ilianguka. Hapo hapakuwa na bati tena. Palikuwa na ile dawa ya kuzibia mashimo ambayo mafundi huipaka, wakaisugua na kuipiga rangi. Akainua zulia la upande wa dereva, nasi tukaona maji na kutu.

"Lakini Baba, gari linang'aa!" kaka akalalamika.

"Mwanangu, hata jeneza hupigwa vanishi."

Kaka alinuna wiki nzima. Aliporudi kwetu alikuja na wazo la Jaguar XJ6, gari la Kiingereza lililoanza kuuzwa mwaka wa 1968, lenye matangi mawili ya petroli, moja kila upande wa nyuma. Mzee hakulidharau. Alisema ni gari laini kama siagi na zuri kuliko Benzi. Aliuliza maswali mawili tu: "Fundi wake mnamjua? Spea zake zipo Kirinyaga Road?" Tulipokosa jibu, naye akanyamaza. Yule anayetaka gari la kustarehe, wala si la kulala gereji, na ajiulize maswali hayo mawili kabla ya kuuliza bei.

GARI LA MWALIMU

Gari la tatu tulilisikia kwa watu. Lilikuwa Tigoni, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye mumewe alikuwa amefariki. Lilikuwa 240D ya mwaka wa 1984, la dizeli, rangi ya maziwa iliyofifia, kiti cha dereva kimechanika. Tulifika mapema bila kutangaza saa. Boneti ilikuwa baridi na umande ungali juu yake.

Mzee aliweka ufunguo, akangoja taa ndogo ya dashibodi izimike. Dizeli za zamani hutaka subira hiyo, ili chumba cha moto kipate joto. Kisha akawasha. Injini ilikohoa mara moja, ikatoa moshi kidogo, ikatulia na kuanza kutwanga kama kinu. Sumaku ilinasa kila mahali isipokuwa kona moja ya buti. Chini ya betri, mahali ambapo kutu hupenda kujificha katika magari haya, bati lilikuwa zima. Mwalimu akatuletea faili nene lenye risiti zote tangu mumewe aliponunua gari hilo jipya. Namba ya chesi ilikuwa ile ile ya kwenye logbuku.

"Bei ni 480,000," akasema. "Mkitaka kulijaribu, lijaribuni vizuri. Lakini nami nitakuja. Sijaliona Ziwa Naivasha tangu baba watoto aondoke."

Basi tukaondoka: mzee kwenye usukani, Mwalimu kando yake, sisi watatu nyuma.

Tulipita Limuru penye majani ya chai na ukungu, tukashika barabara ya chini ya Mai Mahiu. Barabara hii ilijengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hapo ndipo Bonde la Ufa hukufungukia ghafla. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa tupu, na mbele yako Longonot umesimama peke yake, kimo cha mita 2,776. Malori yalikuwa yakiteremka polepole, na harufu ya breki zilizoungua ilitufikia. Mzee aliingiza giya ya tatu, kisha ya pili, akaliachia gari lijizuie lenyewe.

"Breki ni za kusimamisha," akatuambia. "Kuteremka ni kazi ya giya." Alipozikanyaga breki mara moja, kwa nguvu, gari lilisimama bila kuvuta kushoto wala kulia.

Karibu na bonde tulisimama penye kile kikanisa kidogo ambacho Waitaliano hao walikijenga mwaka wa 1942. Ni kidogo mno, watu wachache tu hujaa ndani. Mzee akazungusha ufunguo kuzima gari. Injini ikaendelea kunguruma! Akautoa ufunguo kabisa, akatuonyesha. Injini ikaendelea.

"Mnaona?" kaka akaruka. "Hili ndilo gari mnalotaka? Tulirudishe!"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Lakini mzee alikuwa akicheka. Alifungua boneti, akasukuma kishikio kidogo kilichoandikwa STOP, na injini ikanyamaza. Akatueleza kwamba katika dizeli hizi ufunguo hauzimi injini kwa umeme. Kuna mipira myembamba inayovuta hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofunga mafuta. Mpira ukipasuka, hewa huvuja na injini haipati habari kwamba umetaka kulala. Milango nayo hujifunga kwa hewa hiyo hiyo.

"Mpira ule ni bei ya chakula cha mchana," akasema. "Jifunzeni kutofautisha mafua na saratani. Ile ya fedha ilikuwa na saratani, imepakwa poda. Hii ina mafua."

Waama, hilo ndilo somo kubwa nililopata siku hiyo. Hakuna gari la miaka 40 lisilo na kasoro. Kinachotakikana ni kujua kasoro ipi ni ya mpira na ipi ni ya mifupa.

Kutoka Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikuyu maana yake ni maji moto, barabara hunyooka. Upepo wa bondeni ulitupiga ubavuni, lakini usukani haukutetema. Matatu zilitupita kwa honi na vumbi. Farasi wa 240D ni wachache, na anayetaka mbio na anunue gari jingine. Dada yetu alisinzia. Mwalimu alianza kusimulia jinsi mumewe alivyowapeleka watoto shule za bweni kwa gari hilo, masanduku yamefungwa juu.

Naivasha tulikula samaki wa kukaanga. Ziwa hili lina maji matamu, ingawa majirani zake kama Elementaita na Nakuru ni ya magadi. Mwalimu alisimama penye mafunjo kwa muda mrefu, hakusema neno. Hakuna aliyemwita.

Kurudi ndiko kulikokuwa mtihani wenyewe. Kupanda ule ukuta wa Limuru na watu watano ndani, jua la saa tisa likiwaka, ndiko huumbua redieta mbovu. Tulitambaa nyuma ya malori, giya ya pili, macho yetu yote kwenye sindano ya joto. Ilipanda kidogo, ikasimama, ikakaa hapo hadi juu. Hapo kwenye mlima ndipo kaka aliponinong'oneza kwamba alikwisha kutoa arbuni ya shilingi 30,000 kwa lile la fedha, kutoka mfukoni mwake, kabla ya baba kuliona. Baada ya miezi miwili ya kuwafuata alirudishiwa nusu. Kwa hivyo, msomaji, usitoe arbuni kabla ya kuinua zulia.

Tulilipa 480,000 bila kubishana. Zile 170,000 zilizosalia ziliingia kwenye magurudumu mapya, mikanda ya usalama, mipira yote ya hewa na ya maji, na kiti cha dereva. Atumiaye fedha zote kununua gari kuukuu amenunua nusu ya gari.

Siku ya kulichukua, kaka alishika usukani. Kabla ya hapo alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama kando yake wima, kama mzee alivyokuwa akisimama.

"Mimi?" mzee akauliza.

Aliingia. Akavuta koti lake vizuri, akaweka mikono magotini. Toka Tigoni hakusema kitu. Tulipofika Westlands ndipo alipofungua kinywa.

"Kumbe huku nyuma barabara haionekani vizuri," akasema.

Tangu siku hiyo hakukaa nyuma tena. Kila Jumapili baada ya ibada yeye ndiye dereva, na mara kwa mara tunapitia Tigoni kumchukua Mwalimu. Hukaa mbele, na mzee humfungulia mlango.