Ngumi Iliyopiga Hewa

Kuna aina ya bondia ambaye watazamaji humzomea na mabondia wenzake humkwepa wanapotafuta mpinzani. Ni yule mwenye ustadi wa kujilinda. Haingii ulingoni kwa vishindo, haahidi kumlaza mtu katika raundi ya kwanza, na pambano likimalizika uso wake huwa mzima kana kwamba alikuwa miongoni mwa watazamaji. Wanafunzi wangu wamewahi kuniuliza, na katika likizo hii vijana wa nyumbani Busi, wilayani Kondoa, wameniuliza tena: kwa nini ni vigumu kumshinda mtu wa namna hiyo ilhali ngumi zake ni chache? Swali hilo lina jibu la kiufundi, na ndani ya jibu hilo mna funzo la kisiasa. Nianze na la kwanza.

Ngumi inayofika husimamishwa na mwili wa anayepigwa. Ngumi inayokosa haina wa kuisimamisha ila misuli ya yule aliyeirusha: bega, mgongo na kiuno hulazimika kuuvuta mkono urudi na kuuweka mwili sawa. Ndiyo maana kukosa huchosha kuliko kupata. Tena mkono ulionyooka hauwezi wakati huohuo kulinda taya, na uzito uliokwenda mbele ya mguu hauwezi kurudi nyuma kwa kufumba na kufumbua. Bondia mlinzi huusubiri upenyo huo mdogo. Ngumi yake moja humkuta mpinzani akiwa bado anakuja, na kasi ya mpinzani huongezeka juu ya nguvu ya ngumi yenyewe.

Hata konde ambalo haliwezi kukwepwa kabisa huweza kupunguzwa makali kwa kugeuza bega au kichwa kuelekea upande uleule linakokwenda. Mkulima wa Kondoa hahitaji kufundishwa jambo hili. Wilaya yetu ilikuwa imechimbwa makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Miongoni mwa kazi za hifadhi ya udongo ni kuchimba makinga maji. Kinga maji halishindani na mvua. Huyakata maji mwendo, likayapa njia ya pembeni, na yaliyokuja kubomoa yakaishia kunywesha mtama. Anayelifahamu shamba la mteremkoni anafahamu nusu ya ndondi.

Nusu ya pili imo akilini. Mshambuliaji anayekosa mara kumi huacha kufikiri. Huongeza nguvu badala ya kubadili njia, na kadiri anavyoongeza nguvu ndivyo nia yake inavyosomeka mapema. Wahenga walisema hasira hasara. Ulingoni hasara hiyo huhesabiwa kwa raundi.

Mfano mkubwa zaidi wa haya ulitokea barani kwetu, Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa bingwa wa uzito wa juu asiyewahi kushindwa, na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya pili. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Kuanzia raundi ya pili Ali aliegemea kamba, akafunika uso na mbavu kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Ngumi nyingi ziliishia mikononi na mabegani, nyingine zikapita hewani, huku Ali akijibu kwa chache zilizonyooka usoni. Katika raundi ya nane mikono ya Foreman ilikuwa mizito. Ali alitoka kambani, akampiga, na bingwa akaenda chini.

Lakini tusiusifu ulinzi ule kupita kiasi. Kuna tofauti kati ya kukwepa pigo na kulipokea kwa uvumilivu. Ali wa Kinshasa alipokea mengi, akaendelea kupokea mengine katika mapambano ya miaka iliyofuata, na mwaka 1984 ikagundulika kwamba ana maradhi ya kutetemeka ya Parkinson. Uvumilivu una gharama ambayo haionekani kwenye karatasi ya pointi. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, wale waliojifunza kunyamaza na kuvumilia kila waraka na kila uhamisho, wanajua ninachosema.

Ali huyohuyo alikuja kukutana na mlinzi mwingine. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow, baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Alifika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Waandishi wa habari wakamwuliza mjumbe huyo maswali mazito kuhusu msaada ambao Wasovieti waliutoa kwa harakati za ukombozi za Afrika, na ikadhihirika kwamba waliomtuma hawakuwa wamemwandaa kuyajibu. Dola kubwa ilikuwa imerusha konde, na nchi maskini ilikuwa imesogeza kichwa. Tanzania ilikwenda Moscow. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Bayi ndiye aliyekosa Olimpiki ya 1976 kwa sababu nchi yetu, kwa uamuzi wake yenyewe, ilisusia michezo ya Montreal kupinga uhusiano wa kimichezo kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya kibaguzi. Nchi iliyosusia kwa hiari yake ilikataa kususishwa.

Nimeuona ustadi huo pia mahali pasipo na kamera. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha kwetu, alifika mtu mwenye fedha na mwenye watu wakubwa nyuma yake, akidai eneo la malisho ni lake kwa kuwa amekwisha kugawiwa. Vijana walitaka fimbo. Wazee wakawakataza, na kwa kila karatasi aliyotoa walimwuliza kwa adabu: “Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uko wapi, mwanetu?” Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na wazee wale walilijua jambo hilo kuliko wakili wake. Alikuja na barua, wakauliza muhtasari. Alikuja na gari la ofisi, wakauliza muhtasari. Mara ya nne hakuja. Fimbo moja tu ingempa kesi ya jinai aliyokuwa akiitafuta.

Ndugu zangu wanaharakati, tuhuma isiyo na ushahidi ni ngumi iliyopiga hewa. Aliyeitupa huchoka yeye, na taya lake hubaki wazi mbele ya mtu ambaye pengine alikuwa na hatia kweli. Nimewaona vijana wenye hoja za haki wakiangushwa kwa sentensi moja waliyoiandika kwa hasira, huku hoja zao tisini na tisa zikisahauliwa.

Lakini kujilinda si kukimbia. Bondia mlinzi wa kweli husimama karibu, ndani ya umbali wa kupiga na kupigwa. Aliye mbali hawezi kupigwa, wala hawezi kupiga. Msomi anayejificha nyuma ya istilahi na ofisa anayejificha nyuma ya jalada hawajilindi. Wametoka ulingoni, ila bado wamevaa glavu.

Ulinzi una kikomo kingine, na hiki hakimo mikononi mwa bondia. Tarehe 10 Septemba 1993, mjini San Antonio, Pernell Whitaker alimfanya Julio César Chávez, aliyekuwa hajawahi kushindwa, apige hewa usiku mzima. Majaji walitangaza sare, na wengi walioliona pambano lile waliamini kwamba Whitaker alikuwa ameibiwa. Ustadi wake ulimtosha kwa mpinzani, haukumtosha kwa meza ya majaji. Kanuni za ndondi zinasema ulinzi nao uhesabiwe katika pointi, lakini kanuni haijisomi yenyewe.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba haitoshi kujifunza kukwepa. Wazee wa kijiji kile walishinda kwa sababu mbili: walikuwa na subira, na palikuwa na sheria ambayo siku ile iliheshimiwa. Subira tunaweza kuifundisha majumbani. Mahakama huru, tume zisizoogopa mtu na mikutano mikuu ya vijiji inayoitishwa kwa wakati hatutavipata kwa subira peke yake. Kwa hivyo ni lazima wakati mwingine tutoke kambani na kupiga, tukiwa na uhakika kwamba ngumi itafika.