Vazi la Kipimo Chetu

Leo twataka kuwasimulia habari ya kilti, vazi la wanaume wa Uskoti. Ukiiona kwa mbali utasema ni sketi ya mwanamke. Sisi nasi tulisema hivyo tulipofika Glasgow, tukacheka. Sasa tunayo moja, wala hatucheki tena.

Jirani yetu ni mzee aliyekwisha kustaafu. Kushona kilti si kazi ya kumpatia chakula. Hushona kwa kupenda tu, karibu na dirisha lake. Aliposikia kwamba tumealikwa arusini, akasema: «Nunua kitambaa, kazi ya mkono ni juu yangu.»

Tulisitasita. Huku koo nyingi zina tartani yao, ndiyo sufu yenye mistari ipitanayo. Nasi si wa ukoo hata mmoja. Tena tuliogopa kuchekwa na ndugu zetu Wakongo. Mzee akajibu: «Iko tartani ya Black Watch, buluu na kijani na nyeusi, hata asiye na ukoo huivaa. Lakini usidhani vazi hili ni mchezo. Mwaka 1746 serikali ilitunga sheria ya kukataza mavazi ya watu wa milimani. Aliyekutwa nayo alifungwa miezi 6. Sheria hiyo haikufutwa mpaka 1782.» Tukanyamaza.

Siku ya kupimwa tulifanya upuuzi: tulivuta tumbo ndani. Mzee akashusha utepe wake, akangoja. «Pumua,» akasema. «Nashonea mtu atakayekula arusini.»

Kilti yetu ilikula yadi 8 za sufu, yaani mita 7 na zaidi, kwa mtu mmoja! Mbele kitambaa ni sawa, nyuma ni mikunjo mitupu. Kila mkunjo hushonwa kwa mkono toka kiunoni hata nyongani, na juu hupunguzwa kidogo kidogo, maana kiuno ni chembamba kuliko nyonga. Fundi akipima vema, mistari ya mikunjo hukutana, hata utadhani kitambaa hakikukunjwa kamwe.

Arusi ilipokaribia, tulikwenda kumhimiza. Kumbe, tulimkuta anafumua! Mkunjo mmoja ulikuwa umepotoka kwa unene wa uzi. Tukamwambia: «Mzee, acha. Uko nyuma, hata sisi wenyewe hatutauona.» Akajibu bila kuinua macho: «Mimi nimekwisha kuuona.»

Alipotukabidhi kilti, nyuzi nyeupe za bandi zilikuwa bado zimeshika mikunjo. Akatupa mkasi mdogo, tukazikata moja moja. Tulipoivaa, pindo lilifika katikati ya goti, na uzito wa sufu ukatulia kiunoni. Tulitaka kumlipa, akakataa. «Uivae tu. Ukiiweka sandukuni, umenidhulumu.»

Arusini ndugu zetu walicheka kweli. Kisha wakaja mmoja mmoja kushika mikunjo, wakiuliza: «Nani ameshona?» Nasi, tuliokuwa tumeona haya, tukawageuzia mgongo ili watazame vizuri.

Usiku ule tulikumbuka kazi zetu nyingi tulizozifanya mbiombio, tukijisemea: «Hakuna atakayeona.» Mzee yule hakutuhubiria neno. Lakini tangu siku hiyo, tukiandika au tukifundisha, tukaona jambo limepotoka kwa unene wa uzi, twarudi nyuma na kufumua. Nanyi, wasomaji, hamna mkunjo wa namna hiyo?