Shuka Chini ya Nyonga

Jumanne, 12 Machi 2024

Saa tisa usiku. Mama yuko wodini na mwanawe, wote wazima, ila mimi usingizi umenikataa.

Kabla ya sindano presha yake ilikuwa 124/78. Nikamchoma ganzi ya mgongoni ya upasuaji wa kujifungua, bupivakaini nzito miligramu 10, tukamlaza, nikainamia fomu. Hata mstari wa pili sijaumaliza, akapiga miayo mirefu. Kisha: "Dada, nasikia kutapika." Nikamwambia avute pumzi taratibu, nikaendelea kuandika. Mashine ilipojaza mkanda, ikasoma 74/40.

Shuka la kuweka chini ya nyonga ya kulia lilikuwa limekunjwa vizuri, juu ya kabati. Nilikuwa nimelisahau. Nikaliingiza, nikafungulia dripu yote, nikampa efedrini miligramu 6, kisha 6 nyingine. Presha ikapanda hadi 102/60, na kichefuchefu kikakatika papo hapo. Midomo yake ikarudisha rangi.

Alipotolewa chumba cha upasuaji alinishukuru. Shukrani hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimewaeleza wanafunzi bila kuficha kwamba kosa lilikuwa langu. Ganzi hailazi miguu tu; inalegeza na mishipa ya damu, damu ikatuama chini. Mama akilala chali, mji wa mimba nao unakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ndiyo maana tunamwinamisha kidogo kushoto. Mtoto hana akiba yake: presha ya mama ikishuka, naye anapungukiwa.

Miayo na kichefuchefu hutangulia namba. Mashine yetu ilikuwa imepangwa kupima kila baada ya dakika tano, na dakika tano ni nyingi mno. Sasa ni kila dakika moja mpaka mtoto atoke. Fomu itasubiri.

Fenilefrini, nayo ya kupandisha presha, ikiwepo naichanganya mapema: miligramu 10 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, na lebo naibandika kabla sijagusa mgongo. Mapigo yakishuka sana narudi kwenye efedrini.

Jumatano, 20 Machi

Leo dada wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, presha 178/116, kichwa kinamgonga. Magneziamu alishapewa, na haidralazini ikaishusha taratibu hadi 150/98. Daktari aliuliza kama tumlaze nusu kaputi. Chembe sahani zilikuwa nzuri, nikaomba ganzi ya mgongoni: kumwingiza mpira kooni kungeweza kuirusha presha juu, na hapo ndipo mishipa ya ubongo hupasuka. Wengi huogopa kwamba wenye presha kama yake wataporomoka vibaya. Kwa kawaida hushuka kidogo kuliko wenzao.

Egometrini, kwa kuwa hupandisha presha, niliitoa kabisa kwenye trei, mkono usije ukakosea.

Nilikaa kichwani pake, kiganja kwenye bega lake. "Ukisikia kichefuchefu niambie, hata kidogo." Mara mbili alisema, "Bado, dada." Ya tatu akasema, "Kidogo." Bomba la dawa lilikuwa tayari mkononi.