Lita 2 za Petroli

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mvua zikishakolea mwezi wa Desemba, barabara za kwenda mitaani zinakuwa kama sabuni. Udongo mwekundu unajaa kwenye matairi hadi gurudumu halizunguki, na mwenye pikipiki ndiye anayeibeba. Kwa hiyo usharika wetu una desturi ya miaka mingi: pikipiki ya kanisa inalazwa stoo mpaka Mei au Juni, na mchungaji na wainjilisti wanatembea kwa miguu. Mtaa wetu wa mbali kuliko yote ni mwendo wa saa 5. Miezi hiyo wagonjwa wa kule wanapata Chakula cha Bwana kwa nadra, na wapo wasioweza kungoja mpaka njia ikauke.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya zamani. Wasomaji wengi wanaijua injini yake hata kama jina ni geni, kwa sababu bodaboda nyingi za Kichina zinazotupeleka sokoni zimeiga injini hiyo. Honda waliitoa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa magunia na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Ni mashine mvumilivu. Hata hivyo, ikikaa miezi sita bila kuguswa, kabureta yake haivumilii.

Ilipotolewa stoo wiki ya kwanza ya Juni, asubuhi ya sakitu, haikuwaka. Vijana walipiga kiki kwa zamu mpaka wakavua makoti. Ndipo mtunza hazina akafungua tangi na kuchungulia. Desemba lilikuwa limejazwa hadi shingoni, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu inayoleta kutu. Sasa petroli ilikuwa imeshuka. Walipoijazia kwa kopo la kupimia, ilikosekana lita 2 na kidogo. Mwingine akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, yakatoka matone ya maji. Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika bombani kwa akina mama: mlinzi ameuza petroli ya kanisa na kutia maji.

Mlinzi wetu ni mzee wa besi kwenye kwaya. Analinda kanisa, stoo na darasa la chekechea kwa posho ambayo hatutaitaja hapa, maana ni aibu yetu sote. Ufunguo wa stoo anao yeye peke yake, na hilo ndilo lililomponza. Baraza la wazee likaitwa Alhamisi kuamua kama aendelee na kazi. Sisi watatu, mwalimu wa hesabu, fundi cherehani na kijana wa bodaboda ambaye ndiye mjuzi hasa kati yetu, tukaombwa mambo mawili: pikipiki iwake, na tueleze tulichokikuta. Tulikuwa na siku 3.

Hatukuwa upande wa mtu yeyote. Lakini mwalimu wa hesabu aliona tangu jioni ile kwamba mashtaka yale mawili hayakai pamoja. Mtu anayeiba petroli na kutia maji anatia maji ili tangi lisionekane limepungua. Hili lilikuwa limepungua. Basi ama aliiba, ama alitia maji, na waliokuwa wakisema walikuwa wakisema yote mawili kwa pumzi moja.

Waliopata Kipaimara watakumbuka Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Maelezo yake hayaishii kutukataza kumsingizia jirani. Yanatudai tumtetee, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulielewe kwa upande ulio mwema. Tulikariri maneno hayo tukiwa watoto ili tufaulu mbele ya mchungaji. Namna ya kuyatimiza ukiwa na spana namba 10 mkononi hatukufundishwa, na kwa kweli hapo ndipo tulipoona uzito wake. Kumtetea jirani kwa maneno matupu barazani kungekuwa kazi rahisi, na pengine kusingemsaidia kitu. Tulitakiwa kujua petroli imekwenda wapi.

Injini ya petroli inataka vitu vichache: hewa, mafuta, cheche, na mgandamizo wa silinda. Tulianza na kilicho rahisi. Tulifungua plagi, tukaigusisha kwenye chuma cha injini, tukapiga kiki taratibu. Cheche ilikuwa ya buluu, imeshiba. Umeme haukuwa na neno. Tukafungua kifuniko cha oili chenye kijiti cha kupimia, na hapo kijana wa bodaboda akanyamaza, akanusa, akatupa sisi tunuse. Oili ilinukia petroli. Ilikuwa nyepesi kama chai, na imepanda juu kabisa ya alama.

Tuliifungulia yote kwenye ndoo. Injini hii inachukua oili takribani lita 1. Zilitoka lita 2 na nusu.

Kwa mtu asiyezoea mashine tufafanue kidogo. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo, na ndani yake kuna boya kama lile la tangi la choo. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano izibe mlango. Sindano ikichakaa au ikikwamia uchafu, mlango haufungi vizuri na petroli inaendelea kuingia toni kwa toni. Koki ya tangi ilikuwa imefungwa tangu Desemba, ndiyo, lakini mpira wake wa ndani ulikuwa umekakamaa kwa uzee na unavuja hata ukiifunga. Kwa kawaida petroli inayozidi hutoka kwa mrija mwembamba wa kumwagia, ikadondoka sakafuni, na kila anayeingia stoo ataisikia harufu. Kwa nini sakafu yetu ilikuwa kavu?

Tulivuta mrija ule na kuupuliza. Haukupitisha hewa. Tulipouchokoa kwa waya ukatoka udongo mkavu, na nyuma ya udongo buibui wadogo wawili waliokauka. Nyigu alikuwa amejenga humo. Wote tunawajua nyigu wale wa udongo, wanaoziba hata matundu ya kufuli na kuwawekea watoto wao buibui wa kula. Mrija ulipozibwa, petroli iliyozidi haikuwa na pa kutokea ila njia ya hewa iendayo kwenye injini. Nyingine ilirudi nyuma ikalowesha chujio la hewa, na nyingi ikashuka kwenye silinda, ikapenya kwenye ringi, ikachanganyika na oili. Tulimshukuru Mungu kwamba haikuwaka asubuhi ile. Ingewaka na oili nyepesi vile, injini ingejisaga yenyewe kabla ya kufika mtoni.

Yalibaki maji. Tuliimimina petroli ya tangi kwenye chupa za kioo na kuziacha zitulie usiku kucha, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na hushuka chini yakaonekana kama lulu. Tuliyakusanya yote, pamoja na ya kabureta, yakajaza vijiko 2 vya chakula. Hakuna mwizi duniani anayetia vijiko 2. Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umepasuka, na juu yake, kwenye bati la stoo, tulikuta tundu la msumari. Tulipanda, tukapima kwa uzi wenye jiwe. Uzi ulitua juu ya tangi, karibu na kifuniko.

Kazi ya kuiwasha ilituchukua siku nzima, tena ilikuwa ya kuchosha. Petroli iliyokaa miezi sita hupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, na inayobaki huacha utomvu wa rangi ya asali kwenye jeti. Jeti ndogo, ya kuifanya injini iungurume bila kukanyagiwa mafuta, ina tundu ambalo hata sindano ya kushonea haipiti. Tusiwaonee wanaochokoa tundu hilo kwa waya wa chuma, lakini wanalipanua, na pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote. Sisi tulililoweka kwenye petroli mpya, tukatumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli. Tulibadilisha sindano ya boya kwa ya bodaboda iliyouzwa sokoni, ikakaa sawasawa. Kisha tuliinua boya kwa kidole na kupuliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta: hewa haikupita.

Iliwaka kwa choki. Tulipofunga choki, ikazimika. Ikawaka tena, ikazimika tena. Hiyo ni lugha ya wazi kabisa, kwamba jeti ndogo bado ina uchafu, maana choki inaongeza utajiri wa mafuta na kuficha upungufu wake. Fundi cherehani alitaka tuiache hivyo, mchungaji aendeshe na choki wazi. Kwa baridi yetu ya Juni ingewezekana kwa nusu saa, halafu plagi ingejaa masizi, hasa huku juu ambako hewa ni nyembamba na mafuta tayari yanazidi. Tukafungua tena. Uchafu ulikuwa kwenye njia iliyo nyuma ya jeti, siyo kwenye jeti yenyewe. Saa kumi na moja jioni ya Jumatano iliunguruma yenyewe, ikabaki ikiunguruma, na watoto wa chekechea waliokuwa wamechelewa kuchukuliwa wakapiga makofi.

Alhamisi tulikwenda barazani na ndoo ya oili, chupa ya maji, na karatasi yenye udongo wa nyigu. Hatukuhubiri. Tulieleza kama tulivyoeleza hapa, ila kwa maneno machache zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa amesema sana wiki ile aliomba kunusa ndoo. Alinusa, akairudisha chini, akamwuliza mwenyekiti kama bado kuna haja ya ajenda ile. Mlinzi aliitwa ndani akaambiwa hana hatia. Alisema, "Asanteni, wazee," akauliza kama anaweza kwenda, kwa kuwa lango liko wazi.

Jumamosi mchungaji alifika mtaa wa mbali. Bibi aliyekuwa akimsubiri tangu Krismasi alipokea Chakula cha Bwana kitandani, na alipona wiki 3 zaidi.

Sasa kabla ya mvua tunamwaga petroli yote ya kwenye bakuli la kabureta, tunaziba ncha ya mrija kwa kitambaa chepesi dhidi ya nyigu, na koki mpya tuliinunua. Bati limezibwa. Ufunguo wa stoo uko mara mbili, mmoja kwa mlinzi na mmoja kwa katibu, na hilo aliliomba mlinzi mwenyewe.

Kwenye kwaya hajarudi. Anakuja ibadani, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na besi ya wimbo wa kutolea sadaka inasikika pungufu. Tumekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alituongelesha tukiwa tumesimama nje. Mara ya pili mke wake alitoa viti, tukanywa uji, tukazungumza habari za viazi.