Kadi ya Babu

Desemba 2002 nilipiga kura yangu ya kwanza bila kusita. KANU ilikuwa imeitawala Kenya tangu 1963, nami niliipima kwa mambo mawili tu: upigaji kura wa mlolongo wa 1988, na Nyayo House, jumba lenye vyumba vya mateso chini kabisa. Hayo yalinitosha. Jogoo, alama ya KANU, achinjwe.

Mizani ya Babu ilikuwa nzito zaidi. Kadi yake ya KANU aliitunza ndani ya Biblia, kwa kuwa ndicho chama kilicholeta uhuru. Ndicho hicho kilichompanga kwenye mlolongo nyuma ya mgombea wake. Akaona kwa macho yake mstari wao ulivyokuwa mrefu, kisha akasikia wa mstari mfupi akitangazwa mshindi. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Matokeo ya 2002 yalipotangazwa nilimwendea nikiimba. Akaniuliza, “Mjukuu wangu, hawa mnaowabeba juu juu, wakati wa mlolongo walikuwa wapi?”

“Wengine walikuwa kizuizini, Babu.” Ni kweli walikuwapo. Lakini Mwai Kibaki, mshindi wetu, alikuwa makamu wa Rais Moi kwa karibu miaka 10, hadi Machi 1988. George Saitoti, naye wa upande wetu, alikuja kushika wadhifa huo baadaye. Hata Raila Odinga, aliyewekwa kizuizini miaka mingi, mwaka ule ule wa 2002 alikuwa katibu mkuu wa KANU kabla ya kuhama.

“Nami nimewapa kura,” Babu akasema. “Ila sikuimba.”

Siijutii kura ile. Januari 2003 watoto waliingia shule ya msingi bila karo. Ninachojutia ni kudhani kwamba jogoo akishaanguka, hesabu ya jana imefungwa. Tulihukumu alama, wenye alama wakahama nyumba.

Tangu hapo wameendelea kuhama. Kila uchaguzi, anayetangazwa rais huja na chama kipya: NARC, PNU mwaka 2007, TNA 2013, Jubilee 2017, UDA na wilbaro yake 2022. Mpiga kura anatafuta historia ya chama, anakuta rangi bado mbichi ukutani.

Mwaka 2027 binti yangu atapiga kura kwa mara ya kwanza. Kadi ya Babu ingali ndani ya Biblia ile. Nitamwekea mkononi, kisha tukae tupitie wagombea jina kwa jina, na kwa kila jina nitamuuliza swali la Babu.